Risiti ya Hospitali Haipunguzi Kodi

Hotuba kwa wanachama wa vyama vya akiba, ukumbi wa kijamii, Buruburu, Nairobi

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, kina mama wa vyama, vijana, hamjambo.

Mmeniita niwaeleze jambo moja: mtu aliyelipia upasuaji, wake au wa mtu wake, anaweza kudai gharama hiyo kwenye ritani ya kodi? Jibu nalitoa sasa hivi ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke nalo. Hapa Kenya, hapana. Ukilipa shilingi 480,000 hospitalini kutoka mfukoni mwako, kodi yako ya mapato haipungui hata shilingi moja. Fomu ya ritani haina mahali pa kuandika bili ya hospitali. Anayekuambia ana njia ya kuipenyeza anakutafutia matatizo, na matatizo hayo yatakaa kwenye PIN yako, yaani namba yako ya mlipa kodi, si yake.

Ningeweza kukaa chini hapo. Lakini sheria yetu ya kodi ina pande mbili katika jambo hili. Inamsaidia anayejipanga kabla ya kuugua, kisha inamwacha peke yake anayelipa akiwa tayari kitandani. Upande wa kwanza tuujue ili tuchukue kila kilicho haki yetu. Wa pili tuupeleke bungeni, na nitasema namna gani.

Kwanza, hapana hiyo inatoka wapi? Iko katika Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470. Kifungu cha 15 kinaruhusu kutoa kwenye mapato gharama ambayo yote ilitumika kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo peke yake. Kifungu cha 16 kinafunga mlango kwa gharama za mtu binafsi. Chukueni fundi wa nguo aliyetolewa mtoto wa jicho. Atasema, na anasema kwa akili timamu: bila jicho sitii uzi kwenye sindano, kwa hiyo matibabu haya ni gharama ya kazi kama ilivyo cherehani. Sheria haikubali, kwa sababu jicho hilo analitumia dukani na nyumbani pia. Lakini fundi huyo huyo akiwa na wafanyakazi watatu na akawalipia matibabu, gharama hiyo inahesabika kama matumizi ya biashara. Jicho la mfanyakazi wake linaingia kwenye vitabu, la kwake haliingii. Mimi naona hapo pana dosari, na nitairudia.

Wafanyabiashara wadogo wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, wale mnaolipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, nanyi msikilize. Kodi yenu inatozwa kwenye mauzo yote kabla ya gharama yoyote kutolewa, na hiyo ndiyo kodi ya mwisho. Kwa hiyo hata nafuu za bima nitakazozieleza hazigusi mapato hayo. Mwenye bili nyingi za bima na gharama kubwa za biashara aketi na mhasibu aone kama kodi ya kawaida ya mapato ingemfaa zaidi. Kuhama kunaruhusiwa, ila kunataka vitabu vilivyo sawa.

Najua mkanganyiko huu mara nyingi unatoka wapi. Wengi wetu tuna ndugu Marekani, na kwenye kundi la familia ndugu huyo husema kwamba yeye aliidai operesheni yake kwenye kodi. Anasema kweli. Kule, mtu anayeorodhesha matumizi yake badala ya kuchukua punguzo la jumla anaruhusiwa kutoa gharama za matibabu kwenye mapato, ila ile sehemu tu inayozidi asilimia 7.5 ya mapato yake. Mwenye mapato ya dola 60,000, dola 4,500 za kwanza hazihesabiki. Upasuaji wa urembo hauingii, isipokuwa unaporekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo au iliyoletwa na ajali au ugonjwa. Na wapigieni simu muwaambie hili: akimlipia mama yake upasuaji wa nyonga hapa Nairobi, hawezi kuudai kule, hata kama ndiye anayemtunza kwa kila kitu. Mgonjwa lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama anayeishi Kayole, mwenye kitambulisho cha Kenya peke yake, hayumo.

Basi turudi kwetu, tuone kilichomo.

Tuanze na SHA, ile bima ya afya ya serikali, maana inamgusa kila mwenye mshahara. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ilipoanza kutumika, mchango huo unatolewa kwenye mapato kwanza, kisha kodi inahesabiwa kwenye kinachobaki. Mwenye mshahara wa 80,000 anakatwa 2,200 za SHA. Kwa kuwa shilingi zake za juu zinatozwa asilimia 30, kodi yake inapungua kwa 660 kila mwezi, yaani 7,920 kwa mwaka. Mwajiri ndiye anayepaswa kupiga hesabu hiyo, na Sheria ya Fedha ya 2025 imemtaka atumie nafuu zote anazostahili mfanyakazi wakati wa kukata PAYE, ile kodi inayotolewa kwenye mshahara kila mwezi. Hata hivyo fungua mwenyewe P9 yako, ile hati ya mwaka ambayo mwajiri hukupa ikionyesha mshahara na kodi uliyokatwa. Ikiwa hati zako za mshahara zinaonyesha ulikatwa SHA kila mwezi lakini P9 haionyeshi mchango huo ukitolewa, umetozwa kodi kupita haki. Rudi kwa mwajiri, P9 irekebishwe kabla ya kuwasilisha ritani.

Mliojiajiri na kulipa SHA wenyewe baada ya kujiandikisha kwa *147#, mchango huo nao unatolewa kwenye mapato yenu, mradi mko kwenye kodi ya kawaida. Hakuna mwajiri wa kuwakumbusha. Hifadhini uthibitisho wa malipo.

Sasa bima ya binafsi, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ukilipa bima ya afya, sheria inakupa nafuu ya asilimia 15 ya ulicholipa, na nafuu hiyo inapunguza kodi yenyewe, haipunguzi mapato. Familia inayolipa shilingi 72,000 kwa mwaka inapata nafuu ya 10,800. Kikomo ni 5,000 kwa mwezi, au 60,000 kwa mwaka, na ndani ya kikomo hicho zimo pia bima ya maisha na bima ya elimu ya miaka 10 au zaidi. Ili ufike kikomo lazima uwe umelipa bima za shilingi 400,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wetu tuko mbali nacho. Bado kuna nafasi.

Nafuu hii haiji yenyewe kwa mtu aliyejinunulia bima. Unatakiwa kupata cheti cha bima kutoka kwa kampuni, chenye PIN ya kampuni hiyo, namba ya bima, tarehe ilipoanza na kiasi ulicholipa kwa mwaka. Kisha kwenye fomu ya mkazi, ile ya Excel inayopakuliwa kutoka iTax, tovuti ya Mamlaka ya Mapato, unajaza ukurasa wa nafuu ya bima, uliowekewa herufi L. Mwenye kukufanyia ritani pale saiba mara nyingi anafungua P9, ananakili tarakimu, anatuma, unalipa, unaondoka. Hakuulizi kama una bima na hana kosa, kwa sababu hukumwambia. Mpelekee cheti. Usiondoke mpaka umeona ukurasa huo umejazwa. Na kama mwajiri alishakuhesabia nafuu hiyo kwenye mshahara, itaonekana kwenye P9. Usiidai kana kwamba ni ya pili.

Kuna jambo kwenye kifungu cha 31 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kinachotoa nafuu hii, ambalo linaniuma. Nafuu hiyo inamhusu mtu mwenyewe, mwenzi wake wa ndoa na mtoto wake. Mzazi hatajwi. Na ni nani katika ukumbi huu ambaye hajabeba bima ya mama au bili ya baba? Mtoto wa kwanza aliyepata kazi mjini ndiye hospitali ya nyumbani. Analipa bima ya wazee wawili walioko Murang'a au Kakamega, na kwenye ritani ni kana kwamba hakulipa kitu. Usidanganye kwenye fomu ukamwandika mama yako kama mtoto au mwenzi, maana kampuni ya bima ina rekodi zake na Mamlaka ya Mapato inaweza kuzilinganisha. Lakini ujue kwamba umeonewa, na ujue kwamba sheria hubadilishwa.

Tukiingia kazini, kuna tofauti ambayo kila mfanyakazi aijue kabla mgonjwa hajalazwa. Mwajiri akikuwekea bima ya afya, au akailipa hospitali kwa matibabu yako wewe mfanyakazi wa kudumu, kwako hiyo si mapato ya kutozwa kodi. Akikupa pesa hizo hizo mkononi kama posho ya matibabu, zimekuwa mshahara. Kati ya shilingi 100,000, mwenye kutozwa asilimia 30 atafikisha hospitalini 70,000. Nimeona watu wakimwomba mwajiri msaada wa pesa taslimu kwa sababu ya haraka na wasiwasi, na mwajiri akatoa kwa moyo mwema, kisha mwisho wa mwezi wakaona PAYE imepanda wasielewe kwa nini. Mwombe mwajiri ailipe hospitali moja kwa moja, kwa jina la hospitali, chini ya utaratibu wa matibabu ya wafanyakazi. Mlio kwenye vyama vya wafanyakazi, jambo hili liingizeni kwenye mkataba wa pamoja.

Kwa waliovuka miaka 40, mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Sheria ile ya Desemba 2024 inaruhusu kutoa kwenye mapato hadi shilingi 15,000 kwa mwezi zinazowekwa kwenye mfuko wa namna hiyo. Anayeweka 5,000 kwa mwezi na kutozwa asilimia 30, kodi yake inapungua kwa 1,500 kila mwezi, 18,000 kwa mwaka, na akiba yake bado iko pale ikimsubiri. Bima ya kazini huisha siku unapokabidhi kadi ya kazi, na magoti, macho na kibofu havisubiri. Ulizeni kwenye mifuko yenu ya pensheni kama ina sehemu hii.

Sasa nizungumze na wale ambao upasuaji haukuwarudisha walivyokuwa. Mtu aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Kijana wa boda aliyeumia uti wa mgongo barabarani. Bili yao ya upasuaji, kama nilivyosema, haiingii kwenye ritani. Lakini akishapimwa kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, akasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, anaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi kupitia iTax. Kwa amri iliyotolewa mwaka 2010, mwenye cheti hatozwi kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Na juu ya hapo, anaruhusiwa kudai hadi shilingi 50,000 kwa mwezi kwa dawa na huduma ya kutunzwa, zinazotokana na ulemavu wake. Huu ndio mlango mmoja katika sheria yetu ambapo risiti ya dawa ina kazi kwenye kodi. Hifadhini risiti hizo kwa mwezi, kwa tarehe, zisififie. Zipigeni picha siku mnayozipata. Na anzeni mapema, kwa sababu hatua ni nyingi na kila ofisi ina foleni yake. Kama kuna mtu hapa ana ndugu wa namna hii, leo jioni amwambie.

Mtauliza kuhusu harambee. Mgonjwa haulizwi uji, na hakuna atoaye mchango wa hospitali huku akihesabu kodi. Niseme tu kwa ufupi: mchango unaompa jirani au ndugu kwa bili yake hauwezi kuudai. Michango inayotambuliwa na sheria ni ile inayopewa mashirika ya hisani yaliyosajiliwa na kusamehewa kodi. Na kwa kuwa wengine huuliza kuhusu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye bili, huduma za matibabu zimesamehewa kodi hiyo, kwa hiyo hakuna kiasi cha kudai kirudi.

Waliokwisha kuwasilisha ritani za miaka ya nyuma bila kudai kilicho chao, mlango haujafungwa. Sheria ya Taratibu za Kodi inaruhusu kuomba kurekebisha ritani, na kudai kodi iliyolipwa zaidi, ndani ya miaka 5. Tangu Januari 2022 hata michango ya NHIF, bima ya serikali iliyotangulia SHA, ilikuwa na nafuu ya asilimia 15, na wengi hawakujua. Kwa aliyekuwa akikatwa kiwango cha juu cha 1,700 kwa mwezi, ni 255 kila mwezi, 3,060 kwa mwaka mzima. Angalieni P9 za miaka hiyo kama mwajiri aliihesabu. Kama hakuihesabu, ombeni. Na ritani ya mwaka jana ifike kabla ya tarehe 30 Juni. Anayechelewa anatozwa asilimia 5 ya kodi anayodaiwa au shilingi 2,000, kubwa kati ya hizo. Msingoje usiku wa mwisho. Mfumo hulemewa, na mwenye cheti cha bima ambacho hakijafika hana la kufanya.

Nimalizie na upande wa pili, nao ndio ulionifanya nikubali mwaliko huu kwa haraka.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Anayelipa bima anapewa nafuu. Anayepewa bima na mwajiri hatozwi kodi juu yake. Aliyeuza ng'ombe, akakopa chama, akamaliza akiba ya sako kulipia upasuaji wa mkewe, huyo anahesabiwa kana kwamba pesa zile alizila starehe. Kodi ya mapato msingi wake ni uwezo wa mtu kulipa. Mtu aliyepata 900,000 kwa mwaka na hospitali ikachukua 480,000 hana uwezo sawa na jirani yake aliyepata 900,000 akiwa mzima. Sheria inayowatoza sawasawa haijaona vizuri, na wabunge wetu ndio wenye uwezo wa kuirekebisha.

Najua pingamizi. La kwanza, watu wataleta risiti za uongo. Hilo lilikuwa jibu la enzi ya karatasi. Siku hizi ankara zinapita kwenye eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Mapato, zikiwa na PIN ya mteja, na malipo mengi yanapita kwa simu au benki. La pili, nafuu za kodi huwafaa wenye mishahara na kuwaacha maskini wasiolipa kodi ya mapato. Hilo ni zito na nalikubali; nafuu ya kodi haiwezi kuchukua nafasi ya hospitali ya umma yenye dawa na vitanda. Ndiyo maana tunachoomba kiwe na kikomo, na kiguse gharama kubwa tu zinazomwangusha mtu. Afrika Kusini wana nafuu ya kila mwezi kwa mwanachama wa mfuko wa matibabu, na nyongeza kwa aliyelipa kutoka mfukoni kupita kiwango kilichowekwa. Si jambo la ajabu barani kwetu.

Waziri wa Fedha anatakiwa kuufikisha Mswada wa Fedha katika Bunge la Kitaifa kabla au ifikapo tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa hutangaza magazetini na kuwaita wananchi watoe maoni. Maoni hayo huandikwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, na hayahitaji wakili. Kurasa mbili zinatosha: kifungu gani, kibadilishwe vipi, kwa nini. Mwaka 2024 tuliona mswada mzima ukiondolewa kwa sababu wananchi waliusoma. Kusoma tunaweza. Sasa tuandike.

Nimeongea na katibu, na rasimu iko hapa mezani. Ina maombi matatu. Kifungu cha 31 kimtaje mzazi pamoja na mwenzi na mtoto. Kiongezwe kifungu kinachoruhusu bili ya upasuaji au ya kulazwa, iliyolipwa hospitali yenye leseni kwa njia inayofuatilika, itolewe kwenye mapato pale inapozidi sehemu fulani ya mapato ya mwaka, na kiwekewe kikomo. Na mwenye biashara yake mwenyewe aruhusiwe kwa matibabu yake kile anachoruhusiwa kwa mfanyakazi wake. Kila chama kiisome wiki hii, kiongeze mifano yake ya kweli bila majina ya wagonjwa, kitie sahihi, na nakala zirudi kwa katibu kabla ya tangazo la kamati kutoka.